TOPE LA MAJI MACHAFU YA MIJINI: LAFAA SHAMBANI AU HALIFAI?

Wakulima wengi wa skimu, hasa walio karibu na miji, huuliza juu ya lile tope jeusi litokalo mahali pa kusafishia maji machafu ya mji. Lori hufika langoni, dereva husema amebeba mbolea, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na mbolea ya chumvichumvi ya dukani. Mara nyingine hataki hata senti moja. Ataka tu mahali pa kumwaga. Je, mkulima akubali au akatae?

Jibu lategemea mambo yaliyotendeka kabla ya lori kupakiwa. Tope likiwa limefanyiwa kazi na vijidudu kwa muda wa kutosha na kwa joto la kutosha, ni chakula kizuri cha udongo. Likiwa halijafanyiwa kazi hiyo, ni choo cha maelfu ya watu kilichobebwa na kuletwa kwako. Tena kuna vitu vingine ndani yake ambavyo vijidudu haviwezi kuviondoa hata vikipewa miaka kumi. Yafaa mkulima aelewe mambo haya matatu kabla ya kufungua lango.

TOPE LATOKA WAPI

Maji ya vyoo, jikoni, bafuni na viwandani hupita katika mabomba chini ya ardhi mpaka mahali pa kusafishiwa. Kwanza hutulizwa katika tangi kubwa, na uchafu mzito huzama. Hilo ni tope la kwanza. Maji yaliyobaki juu bado yana uchafu ulioyeyuka, na hapo ndipo vijidudu huingia kazini. Vijidudu tunavyosema ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita bakteria. Vichache huleta maradhi. Vilivyo vingi havimdhuru mtu, na bila hivyo hakuna jani wala mavi ya ng'ombe ambayo yangeoza yakawa mbolea.

Katika mwaka wa 1914 wataalamu wawili wa Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, walieleza jambo ambalo mama yeyote anayegandisha maziwa katika kibuyu angelielewa mara moja. Walipuliza hewa ndani ya maji machafu mpaka yakasafika, na kazi hiyo ilichukua kama majuma matano. Wakamwaga yale maji safi, lakini tope lililozama hawakulitupa. Wakatia maji machafu mengine juu yake. Mara hii kazi ilikwenda upesi zaidi. Wakarudia hivyo mara nyingi, hata maji yakawa yanasafika kwa muda usiozidi siku moja. Tope lile lilikuwa limejaa vijidudu vyenye njaa, kama maziwa machache yaliyobaki katika kibuyu yanavyogandisha maziwa mapya. Miji mingi ulimwenguni yatumia njia hiyo hata leo. Lakini vijidudu vikila huzaana, na hivyo vilivyozidi huzama navyo chini. Hilo ni tope la pili.

Hapa kwetu sehemu kubwa ya maji machafu ya Nairobi huenda Ruai, mashariki ya mji, katika mabwawa makubwa ya Dandora. Njia ya huko ni mabwawa, jua na muda. Maji hupita polepole kutoka bwawa hadi bwawa: kwanza yale yenye kina kirefu yasiyo na hewa, halafu mapana yenye kina kifupi, ambamo mimea midogo ya kijani huvipa vijidudu hewa kwa nguvu za jua, na mwisho hutoka kuingia Mto Nairobi. Kituo cha Kariobangi kilijengwa kwa njia nyingine: maji hunyunyizwa juu ya mawe, na vijidudu vimeshikamana na mawe kama utelezi wa mtoni. Njia iwe hii au ile, tope lazima lipatikane.

Nalo si kidogo. Kwa kila mtu anayetumia choo cha bomba hupatikana kama kilo 20 za tope kavu kwa mwaka. Basi mji wenye watu 100,000 walio na mabomba utapata kama tani 2,000. Na hizo ni tani za tope kavu. Likitoka katika tangi, katika kila madebe 100 ya tope, madebe 95 au zaidi ni maji. Mji hauna mahali pa kuliweka, na ndiyo sababu lori limefika kwako.

TUMBO LA NG'OMBE LILILOJENGWA KWA SARUJI

Tope bichi lanuka vibaya, lavuta nzi, na limejaa maradhi. Njia moja iliyo bora ya kulitengeneza ni kulitia katika tangi lililofunikwa kabisa, hewa isiingie, na kuviacha vijidudu vilile. Vijidudu hivi si wale waliofanya kazi kwenye maji. Vingi vyao hewa ni sumu kwao.

Mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa anayo matangi kama hayo nyumbani, moja ndani ya kila ng'ombe. Ng'ombe hawezi kuyeyusha nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Vijidudu vilivyo katika tumbo lake kubwa ndivyo vinavyomfanyia kazi, mahali penye giza, unyevu na joto, pasipo na hewa. Na gesi inayomtoka kinywani akipiga mbweu ni ile ile inayotoka katika tangi la tope, yaani methani.

Ndani ya tangi kazi hufanywa na vikosi vitatu. Kikosi cha kwanza huvunjavunja mafuta, nyama na nyuzi kuwa vipande vidogo. Cha pili huvigeuza vipande hivyo kuwa vitu vichachu vinavyofanana na siki. Cha tatu hula ile siki na kutoa gesi. Hiki cha tatu ndicho kinachohitaji kutunzwa. Chakua polepole, chataka joto lisilobadilikabadilika, na uchachu ukizidi hulegea, kisha hufa. Mtu ambaye ng'ombe wake alivunja mlango wa ghala akala mahindi mengi kwa usiku mmoja amekwisha kuona ugonjwa huo: tumbo lajaa uchachu, ng'ombe halii, hacheui, na huenda akafa. Tangi likilishwa tope jingi kwa siku moja hupatwa na ugonjwa huo huo. Siki yatengenezwa upesi kuliko inavyoliwa, gesi yakoma, na tope hutoka likinuka kama lilivyoingia.

Tangi likitunzwa vizuri, likakaa katika joto la digrii 35 hivi za sentigredi, ambalo ni chini kidogo tu ya joto la ng'ombe, kazi huchukua siku 20 hadi 30. Katika sehemu kumi za gesi, kama sita ni methani, nayo huwaka. Miji mingine huitumia kupashia tangi lenyewe joto na kuendeshea mitambo ya umeme. Huko Exeter, Uingereza, gesi ya namna hiyo iliwasha taa tangu miaka ya 1890. (Gesi hii si mchezo. Mtu asiingie katika tangi wala shimo la maji machafu kumtoa mwenzake aliyeanguka. Wengi wamekufa hivyo, wawili watatu katika shimo moja.)

Tope likitoka hapo limebadilika. Sehemu kubwa ya vitu vya kuoza, pengine karibu nusu, imekwenda zake kwa njia ya gesi. Ni jeusi, halivuti nzi sana, na harufu yake ni kama lami au udongo uliolowa. Hutandazwa juu ya vitanda vya mchanga, maji yachuruzike na jua likaushe. Tope linalonuka choo, hata likiwa kavu, halikumaliza kazi yake katika tangi. Hii ni dalili ya kwanza, na pua yako yatosha kuipima.

MINYOO NA TEGU

Hapa ndipo wengi hukosea. Waona tope limekauka, halinuki, lapasuka kama udongo wa kiangazi, nao hudhani limekuwa salama. Joto la digrii 35 ni joto ambalo viini vya maradhi ya binadamu vimelizoea, kwa maana ndilo karibu sawa na joto la mwili wetu. Vijidudu vya tangi huvishinda vingi kwa kuvinyang'anya chakula, lakini haviviui vyote. Kama viini vilikuwa mamilioni, hata vikipungua vikabaki sehemu moja katika mia, vilivyobaki ni makumi ya maelfu.

Adui mkubwa zaidi ni yai la mnyoo. Mnyoo mrefu wa tumboni, ule ambao watoto huutoa wakipewa dawa, waweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Kila yai lina ganda nene. Hupita katika tangi likiwa zima, na kwenye kitanda cha mchanga jua huua yaliyo juu tu. Yaliyo ndani, penye unyevu, hungoja. Katika udongo yaweza kuishi miaka kadhaa, mpaka mtoto ale karoti isiyooshwa.

Wafugaji wana jambo jingine la kuogopa, nalo ni tegu. Tegu wa ng'ombe huishi katika utumbo wa mtu na kufikia urefu wa mita kadhaa. Mayai yake hutoka chooni, na kama tope hilo likimwagwa malishoni, ng'ombe huyala pamoja na majani. Ndani ya ng'ombe huwa vijifuko vidogo katika nyama, mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haikuiva, tegu aanza tena. Ng'ombe mwenyewe mara nyingi haonyeshi ugonjwa wowote. Ananenepa, anatoa maziwa, na mkulima hajui neno mpaka siku ya kichinjio, mkaguzi wa nyama anapokata misuli ya taya na moyo. Vijifuko vikiwa vichache, nyama yaweza kuwekwa katika barafu kwanza na bei yake kushuka. Vikiwa vingi, nyama yote hutupwa. Hasara ni ya mwenye ng'ombe, wala hapati fidia kwa dereva wa lori aliyemwaga tope miezi mingi iliyopita.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 yaruhusu mifugo kurudi malishoni baada ya siku 30 tope la tangi likitiwa. Kwa maoni yetu siku hizo ni chache mno katika nchi ambayo tegu bado yupo. Usilishe ng'ombe kabisa mahali palipotiwa tope ambalo halikupitishwa katika joto kali.

JOTO LA LUNDO

Hilo joto kali latoka wapi? Latoka kwa vijidudu vyenyewe. Mkulima aliyepata kuweka mahindi yenye unyevu katika gunia, kisha akatia mkono ndani baada ya siku chache, alilisikia. Vijidudu vinavyopenda hewa, vikipata chakula na maji, hutoa joto, na joto hilo likizuiliwa ndani ya lundo kubwa huongezeka kila siku.

Tope peke yake haliwaki hivyo, kwa sababu ni zito, limelowa, na hewa haipiti. Tena lina chakula kingi cha kujenga mwili na kidogo cha kutia nguvu, kama mtu aliyepewa maharagwe matupu bila ugali. Kwa hiyo huchanganywa na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, magunzi, au vumbi la mbao: debe moja la tope kwa madebe mawili au matatu ya vitu hivyo vikavu. Mchanganyiko huo hupangwa kuwa tuta refu, kimo chake kama futi 5 na upana wake futi 8 au zaidi. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Ukiubana mkononi, yatoke matone mawili matatu, yasitiririke.

Siku za kwanza vijidudu vya kawaida ndivyo hufanya kazi. Joto likipita digrii 40 hivi hao hushindwa, na mahali pao huchukuliwa na wengine wanaopenda joto kali, ambao walikuwamo tangu mwanzo wakingoja zamu yao. Hao hupandisha joto mpaka digrii 55, 60, hata 65. Likizidi 70 nao hufa, na kazi husimama. Katika digrii 55 na zaidi, ganda la yai la mnyoo halisaidii kitu. Lakini nje ya tuta ni baridi, na yai lililo nje liko salama kama mtu aliyekaa mbali na moto. Kwa hiyo tuta lazima ligeuzwe, vya nje viingie ndani. Sheria ile ya Marekani yataka joto la digrii 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo tuta ligeuzwe mara 5. Ukikosa kugeuza, hata tuta likitoa mvuke wa kutisha, bado mayai yamo.

Baadaye joto hushuka lenyewe. Kuvu na jamaa zake huingia kumalizia mabua, na lundo huanza kutoa ile harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Liachwe litulie miezi miwili au zaidi. Mbolea iliyoiva hivi haichomi miche.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika gramu moja ya tope kavu lisiwemo hata yai moja zima la mnyoo. Hilo halionekani kwa macho wala halijulikani kwa pua. Lapimwa maabarani tu.

Wengine watauliza, je, mkulima asinunue tope la tangi kwa bei ndogo akalichoma mwenyewe katika lundo nyumbani? Hatushauri hivyo. Kuku hupekua, watoto hucheza, mvua yaweza kupeleka maji ya lundo kisimani, na mtu mmoja mwenye uma hawezi kugeuza tani saba mara tano kwa siku kumi na tano huku akikamua ng'ombe. Kazi hii ni ya mtambo wa mji au ya kiwanda chenye kibali na watu wa kupima joto kila siku. Maarifa haya uyatumie kwa samadi yako mwenyewe, ambayo huiva kwa njia hiyo hiyo na ambayo wengi wetu twaiacha ikaliwe na jua nyuma ya zizi.

AMBAYO VIJIDUDU HAVIWEZI

Vijidudu hula vitu vinavyooza. Risasi ya betri haiozi. Kadimiamu ya kiwanda cha kupaka vyuma rangi haiozi, wala zebaki, wala kromiamu ya kutengenezea ngozi. Karakana ikimwaga uchafu wake katika bomba la mji, madini hayo huzama pamoja na tope, na hapo hubaki. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kadiri vijidudu vinavyokula, tope hupungua, lakini madini hayapungui. Ni kama mchuzi uliochemshwa mpaka ukabaki nusu. Chumvi ni ile ile, na sasa wauma ulimi. Tope lililotengenezwa vizuri kabisa laweza kuwa na risasi nyingi kwa kila kilo kuliko lilivyokuwa bichi.

Marekani imeweka kwamba tope la kutumiwa kwa uhuru lisizidi miligramu 39 za kadimiamu na 300 za risasi katika kilo moja ya tope kavu. Nchi kadhaa za Ulaya ni kali zaidi. Uswisi imekwisha kuacha kabisa kutia tope la miji mashambani. Na katika mwaka 2022 jimbo la Maine, Marekani, lilikataza jambo hilo kwa sheria, baada ya kuonekana kwamba dawa zile zinazotiwa katika nguo zisilowe na katika sufuria zisishike chakula zimeingia katika udongo, majani na maziwa ya mashamba yaliyokuwa yakitiwa tope tangu zamani. Dawa hizo haziliwi na vijidudu wala hazioshwi na mvua ya mwaka mmoja. Shamba likikwisha kuingiwa, mkulima hana la kufanya kwa jembe.

Hatusemi kwamba kila tope lina mambo haya. Tope la mji mdogo wenye nyumba na hoteli tu ni tofauti sana na tope la mji wenye viwanda. Lakini tazama udongo wako pia. Udongo wa sehemu nyingi za milimani ni mchachu, na miaka mingi ya mbolea ya kupandia imeuongeza uchachu huo. Katika udongo mchachu mimea hunyonya kadimiamu kwa urahisi, na mboga za majani ndizo hunyonya zaidi. Ikiwa kipimo cha udongo ni chini ya 6, tia chokaa kwanza, nalo tope lingoje.

HESABU YA LORI

Sasa tuseme tope ni safi kwa kila njia. Lina faida gani? Tani moja ya tope kavu lililotoka katika tangi ina kama kilo 30 hadi 40 za naitrojeni, na fosforasi nzuri, lakini potasiamu ni kidogo mno, kwa sababu potasiamu huyeyuka na kwenda na maji. Mwenye viazi au ndizi asidhani amekwisha kulisha mimea yake. Bado ahitaji majivu, samadi au mbolea ya dukani yenye potasiamu.

Lori la tani 7 si tani 7 za tope. Tope la kitandani likionekana kavu bado laweza kuwa na maji sehemu 6 katika kila 10. Basi umenunua tani 4 na kilo 200 za maji, na tope ni tani 2 na kilo 800. Naitrojeni iliyomo ni kilo 84 hadi 112. Nayo haitoki mara moja, kwa kuwa vijidudu vya udongo lazima viifungue polepole. Mwaka wa kwanza mimea hupata kama robo, yaani kilo 21 hadi 28. Gunia la kilo 50 la CAN lina kilo 13. Kwa hiyo lori zima lakupa, mwaka wa kwanza, naitrojeni ya magunia mawili tu au karibu. Linganisha bei ya magunia mawili dukani na bei ya lori, pamoja na mshahara wa watu wa kutandaza. Faida iliyobaki ni ya udongo wenyewe: hushika maji vizuri, hulainika, na miaka inayofuata hupata robo nyingine. Kwa shamba lililochoka hiyo ni faida ya kweli, ila si muujiza anaoutangaza dereva.

MAZAO NA SOKO

Kwa tope lililopita katika tangi lakini halikupita katika joto la lundo, sheria ya Marekani huweka miezi ya kungoja. Mboga zinazogusa udongo, kama kabichi na sukuma wiki, zisivunwe mpaka miezi 14 ipite. Mazao yaliyo chini ya udongo, kama viazi, karoti na vitunguu, hungoja miezi 20 ikiwa tope lilikaa juu ya udongo miezi 4 au zaidi kabla ya kulimwa. Likilimwa mapema, hungoja miezi 38. Mtu aweza kushangaa kwamba kufukia upesi huongeza muda. Sababu ni kwamba juani mayai hukauka na kufa, na ukiyafukia umeyawekea kivuli na unyevu. Mahindi, ambayo hayagusi udongo, hungoja siku 30 tu. Miti ya mbao ndiyo isiyo na wasiwasi.

Mwenye kuuza mboga au matunda nje ya nchi, kama mishiri, njegere za maganda au maparachichi, akae mbali kabisa. Kanuni za GLOBALG.A.P., ambazo wanunuzi wengi wa Ulaya huzitaka, zinakataza tope la choo cha binadamu shambani, na shamba likikutwa nalo hupoteza cheti. Kama kikundi chenu cha skimu kina cheti kimoja kwa pamoja, kosa la mmoja laweza kuwafungia soko wote. Jirani akikataa lori msimwite mwoga.

MASWALI YA KUMWULIZA DEREVA

Kwanza, lori hili latoka wapi? Kama ni lile la kunyonya mashimo ya vyoo, hilo si tope lililotengenezwa bali ni choo kibichi, na dereva anakwepa safari na ada ya mahali panaporuhusiwa kumwaga. Likatae hata akikupa pesa. Kama latoka katika mtambo wa mji, uliza tope lilikaa katika tangi au bwawa muda gani, na kama lilipitishwa katika joto la lundo. Ni digrii ngapi, siku ngapi, na liligeuzwa mara ngapi. Anayeifahamu kazi yake atajibu bila kufikiri.

Kisha omba karatasi ya maabara yenye hesabu ya mayai ya minyoo, kadimiamu, risasi na zebaki, na tarehe ya tope lile lile, si la mwaka juzi. Ipeleke kwa afisa wa kilimo wa kata yenu aisome pamoja nawe, kabla ya kulipa. Ukitaka kupimiwa udongo wako, maabara ya KALRO huko Kabete hufanya kazi hiyo, na ni vizuri wakulima kadhaa wapeleke mifuko yao pamoja ili wagawane nauli.

Ukikubali, chagua mahali pa tambarare, mbali na kisima na mto, na usitandaze siku za mvua kubwa. Wafanyakazi wavae viatu vya mpira na glavu, wanawe kwa sabuni kabla ya kula, na watoto wasikaribie. Andika katika daftari tarehe, sehemu ya shamba na idadi ya malori, kwa kuwa miezi 38 ni mirefu na atakayepanda karoti hapo huenda akawa mwanao. Na dereva akisema karatasi imebaki ofisini, mwambie lango litafunguliwa siku atakayokuja nayo.